Vifo Visivyo na Mstari Wake

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka Gulu, Arua, Kasese na Kampala, habari za jioni. Wengi mmeniuliza mtoto aliyelelewa katika kambi ya jeshi anatafuta nini hapa Uppsala, Uswidi, akisomea ghasia za kisiasa hadi shahada ya uzamivu.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuhesabu. Mradi wa takwimu za migogoro wa chuo kikuu cha hapa hulitambua pambano la silaha kuwa hai pale mapigano yanapoua watu wasiopungua 25 katika mwaka mmoja. Kila tukio lina mstari wake katika jedwali: tarehe, mahali, wahusika na idadi ya waliokufa. Nilipoandika Atiak, kaskazini mwa Uganda, tarehe 20 Aprili 1995, siku waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) walipowaua raia wengi, vidole vilikataa kuendelea.

Lakini kuna vifo visivyo na mstari wake. Kuanzia mwaka 1996 serikali iliwaamuru watu wa Acholi, kaskazini mwa nchi, waingie katika kambi za wakimbizi wa ndani ili walindwe dhidi ya waasi wa LRA, na uchunguzi wa Wizara ya Afya na washirika wake wa mwaka 2005 ulikadiria kwamba vifo vya ziada katika kambi hizo vilikaribia 1,000 kwa wiki, vingi vikiletwa na maradhi kama malaria. Anayesoma hesabu ya mapigano peke yake anaweza kuamini kwamba sera ile iliwalinda watu, na mimi nakataa kabisa usomaji huo.

Nilipokwenda Pabbo, palipokuwa na mojawapo ya kambi hizo, kufanya mahojiano, nilimkuta mama mmoja akimenya karanga kwenye ungo. Nilimuuliza kwa Kiswahili jinsi maisha ya kambini yalivyokuwa. Mikono yake ilisimama, akainamisha macho, akajibu, "Ndiyo, afande." Kwangu Kiswahili ni lugha aliyonibembelezea mama yangu, kwake ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, ya mtu mwenye bunduki anayetaka kitambulisho. Nilimwomba mkalimani aniulizie kwa Kiacholi, na baada ya kitambo karanga zilianza tena kudondoka kwenye ungo, naye akasimulia juu ya mwanawe aliyekufa kwa homa, umbali wa kutembea tu kutoka kwenye shamba lao ambalo hawakuruhusiwa kulilima.

Tangu siku ile, kwenye jedwali langu nimeongeza safu ya lugha iliyotumika katika kila mahojiano. Msimamizi wangu aliniuliza safu hiyo inahusianaje na sera ya usalama, nami nikamsomea yale maneno mawili ya yule mama.