Soma Faili Lako Kabla ya Kulipa

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, wahudumu wa bodaboda na walimu, katika ukumbi wa kanisa mtaani Kaptembwo, Nakuru

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufunga vibanda mapema; najua Jumamosi jioni ndiyo saa ya mauzo, kwa hivyo sitawaweka hadi usiku.

Nina swali, na sitaki mtu yeyote ainue mkono. Ni nani hapa ameomba mkopo kwa simu, akajibiwa kwamba hastahili kwa sasa, akairudisha simu mfukoni na kusema, “Basi, mimi niko CRB”? Mmecheka, kwa hivyo mko hapa. Sasa sikilizeni. CRB ni shirika la marejeleo ya mikopo, linaloweka faili la mikopo yako na jinsi unavyoilipa. Karibu kila mtu aliyewahi kukopa benki yuko CRB. Mimi niko. Meneja wa benki aliyekunyima mkopo naye yuko, na huenda analipa mkopo wa nyumba. Kuwa na faili si kosa. Kinachouma ni kilichoandikwa ndani, na wengi wenu hamjawahi kukisoma.

Hapa Kenya kuna mashirika matatu ya marejeleo ya mikopo yenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. La kwanza lilipewa leseni mwaka 2010. Miaka ile mabenki yalipeleka habari mbaya peke yake: nani hajalipa, nani amechelewa. Kanuni za 2013 zikafungua mlango wa habari njema pia, hivyo ukilipa kwa wakati, nayo inaandikwa. Shikeni hilo, maana ndiyo njia ya kurudi.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Sipingi. Ila dawa hunywewa baada ya kupimwa, na nilipokuwa afisa wa mikopo niliona watu wengi wakiinywa kabla. Mtu amepata zamu yake ya chama, elfu ishirini mkononi, anakimbia kumlipa anayempigia simu zaidi. Kumbe mpiga kelele huyo hata hajampeleka CRB. Aliyempeleka amenyamaza, hapigi simu wala hatumi ujumbe, na salio lake linazidi kupanda.

Wacha niwaonyeshe ripoti inavyosomwa. Chukueni mama anayeuza viazi soko la Wakulima. Nimechanganya visa vya watu kadhaa, kwa hivyo msianze kuangaliana. Aliomba mkopo wa kupanua biashara, akakataliwa, akaomba ripoti yake. Kwenye ripoti kila mkopo una mstari wake: jina la mkopeshaji, tarehe akaunti ilipofunguliwa, kiasi kilichokopwa, salio, siku za kuchelewa, na hali ya akaunti. Yeye alikuwa na mistari mitatu mibaya.

Mstari wa kwanza: mkopo wa simu, shilingi 2,400. Laini ilipotea, akanunua nyingine yenye namba mpya, akaamini deni limepotea na laini. Deni halifuati laini, linafuata kitambulisho. Hilo ni lake, atalilipa, na ni dogo.

Mstari wa pili: shilingi 60,000 za Sacco. Akaapa hajawahi kuchukua pesa hizo. Kweli, hakuzichukua. Alimdhamini shemeji yake, shemeji akaacha kulipa, na Sacco ikawagawia wadhamini salio, kila mmoja kipande chake kama mkopo wake mwenyewe. Nawaona mnatikisa vichwa. Humu ukumbini kuna waliovunja undugu kwa sababu ya fomu ya Sacco iliyotiwa sahihi baada ya chai.

Mstari wa tatu ndio ninaoupenda. Mkopo wa benki alioumaliza zamani, na barua anayo, lakini umeandikwa bado ana salio la shilingi 740 na amechelewa. Hapa mwenye makosa ni mkopeshaji. Kanuni za 2020 zinakataza mtu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Kwa hivyo huyu mama hapaswi kutoa hata senti. Anaandika malalamiko kwa shirika la marejeleo, anaambatanisha nakala ya barua, na shirika linalazimika kumuuliza mkopeshaji na kurekebisha. Lakini angelipa bila kusoma, angezitoa zile 740, ashukuru, na kosa libaki kwenye faili kana kwamba alikuwa mdaiwa kweli.

Mistari mitatu, na kila mmoja una dawa yake: mmoja unalipwa, mmoja unajadiliwa, mmoja unapingwa.

Ripoti utaipataje? Haki yako ni nakala moja bure kila mwaka, na ukinyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti hiyo, una haki ya nakala nyingine bure. Mashirika hayo yana programu za simu na tovuti. Omba kwa yote matatu, maana si lazima mafaili yafanane. Halafu, mkopeshaji anatakiwa akujulishe mwezi mmoja kabla ya kukupeleka CRB. Kwa hivyo zile jumbe mnazofuta bila kusoma, acheni kuzifuta. Kama hukujulishwa, hiyo ni hoja yako.

Tuje kwa kujadiliana. Wahudumu wa boda, hapa ndipo penu. Pikipiki ni ya mkopo, unalipa kila siku, mvua imenyesha wiki mbili, abiria hakuna. Wengi wenu huzima simu. Naelewa, hakuna anayependa kutukanwa saa moja asubuhi. Lakini mkopo huhesabiwa kuwa umeshindikana ukipita siku 90 bila malipo. Siku ya 20, siku ya 40, bado ofisi inakutaka, kwa sababu mkopo ulioshindikana unaharibu vitabu vyao pia. Ingia pale, omba mkopo upangwe upya, malipo madogo kwa muda mrefu zaidi. Ukingoja hadi siku ya 91, unaongea na mtu mwingine kabisa, wa kukusanya madeni, na yeye analipwa kwa kile atakachokutoa.

Kuna sheria moja ambayo wakopaji hawaijui, na sijawahi kuona afisa akiibandika ukutani. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inayotumika tangu 2007, inasema mkopo ukishashindikana, riba haiwezi kuzidi kiasi cha deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Weka hesabu. Ulikuwa umebaki na msingi wa 40,000 mkopo uliposhindikana. Riba mwisho wake ni 40,000 nyingine. Jumla 80,000, pamoja na gharama halali za kukusanya deni. Mtu akija na karatasi ya 190,000, muulize gharama hizo ni zipi, aziandike moja moja. Hii ni sheria ya mabenki. Shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, haiogopi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokopa kwake.

Na msione aibu kuomba punguzo. Novemba 2022 Benki Kuu yenyewe ilitangaza mpango wa kuwapunguzia waliokwama na mikopo ya simu ya mabenki, punguzo lisilopungua nusu ya deni, mpango ukaendelea hadi mwisho wa Mei 2023. Ulilenga wakopaji zaidi ya milioni 4. Umeisha, lakini ulithibitisha kwamba deni la zamani lina bei yake, na bei hujadiliwa. Mkikubaliana, pata kwa maandishi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Lipa kwa namba ya kampuni, si ya mtu binafsi hata akiwa na beji shingoni. Kisha dai barua ya kumaliza deni, na baada ya wiki chache omba ripoti tena uone kama imebadilishwa. Wengi hukosea hapa pa mwisho: wamelipa, wana barua, lakini ofisini hakuna aliyetuma taarifa.

Kwa nini watu hawajadiliani? Wanaogopa kelele. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zinawakataza kutukana, kutisha na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yako. Akimpigia mkweo, una ushahidi. Peleka Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na tangu Aprili 2020 asiye na leseni haruhusiwi kupeleka jina lako CRB. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Sisemi usimlipe. Nasema usimlipe wa kwanza kwa sababu tu anapaza sauti.

Walimu, na nyinyi mliosoma kwa HELB, mkopo wa serikali wa elimu ya juu. Faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi. Fanyeni hesabu ya miaka mitatu mkiwa kimya: 180,000, juu ya deni lenyewe. HELB imewahi kusamehe faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, kwa hivyo fuatilieni matangazo yao. Ndilo hilo, sina la kuongeza.

Sasa wale wa vibandiko kwenye nguzo za stima: “Tunasafisha CRB kwa saa 24.” Hakuna mtu wa nje anayeweza kugusa faili lako. Habari hupelekwa na mkopeshaji, na hurekebishwa na mkopeshaji au shirika. Huyo jamaa anachukua elfu tatu zako, anakuombea cheti ambacho ungejiombea mwenyewe, anakuletea kama muujiza. Na cheti si ripoti. Cheti huonyesha kwamba sasa hudaiwi, ndicho waajiri wengi wa serikali hukitaka. Ripoti inaonyesha ulivyofika hapo, nayo ndiyo benki inasoma.

Naona swali pale nyuma. Kijana anauliza: nikikaa miaka mitano bila kulipa, jina si litatoka lenyewe? Hapana, ndugu yangu. Habari mbaya hukaa miaka mitano tangu siku deni lilipomalizwa. Usipolipa, saa haijaanza kuhesabu. Mimi binafsi naona miaka mitano ni mingi mno kwa mtu aliyechelewesha elfu tatu, na ningependa wabunge waliangalie hilo. Lakini msidhani ni miaka mitano ya kufungiwa. CRB haikatai mikopo. Mkopeshaji ndiye hukataa. Benki ikiona kosa la zamani lililolipwa, na juu yake miezi kumi na minane ya malipo safi, inaweza kukukopesha, pengine kwa riba ya juu kidogo.

Hayo malipo safi unayapata wapi ikiwa hakuna anayekukopesha? Anza na anayekujua. Kwenye Sacco, kopa chini ya akiba yako, bila kumhitaji mdhamini, na ulipe siku iliyopangwa. Uliza kwanza kama Sacco yako hupeleka habari njema CRB, maana kama hazifiki huko, unajenga jina ndani ya Sacco tu. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, nayo ipo, kuanzia shilingi 500, riba asilimia 8 kwa mwaka. Elfu moja kwa siku 14 riba yake ni kama shilingi tatu. Inatumia alama zake yenyewe, ukilipa mapema kiwango kinapanda. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, ifungeni kwanza. Ada yake huhesabiwa kwa siku, na pesa ya mteja ikiingia tu inamezwa, jioni huna ya kurudi sokoni, unafuliza tena. Nimeona ripoti ya mtu mwenye mikopo sita ya simu, yote analipa kwa wakati, na benki ikamkataa kwa sababu ya huko kukopa kila siku. Mkopo mmoja unaoeleweka unatosha.

Mama wa pale mbele ameuliza kuhusu shemeji, na sikumjibu. Zile 60,000: nenda Sacco na ripoti, uliza kipande chako ni kiasi gani hasa, na kama akiba ya shemeji ilitumika kwanza kupunguza deni kabla ya kugawiwa nyinyi. Mara nyingi haikutumika, au ilitumika nusu. Dai hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya kukubali mpango wa malipo. Ya kudai pesa zako kwa shemeji, hilo ni la kikao cha familia, mimi simo.

Walio na chaji kwenye simu, njooni meza hii tuombe ripoti sasa. Wa HELB, meza ya dirishani.