Kerala: nazi, wafalme au matope?

Ukimuuliza mwenyeji wa Kerala, kule kusini-magharibi mwa India, jina la jimbo lake limetoka wapi, pengine atakujibu papo hapo: "kera" ni nazi, "alam" ni nchi. Nchi ya minazi. Sisi watu wa pwani jibu hilo linatukaa vizuri, maana tumekulia chini ya minazi hiyohiyo.

Mimi silikubali. "Kera" ni kifupi cha "nalikera", neno la Kisanskriti, lugha ya vitabu na ibada. Mama wa Kimalayali, yaani mwenyeji wa Kerala, akiwa jikoni anakuna "thenga"; ndivyo nazi inavyoitwa kwa Kimalayalam, lugha yake ya nyumbani.

Tena jina ni kongwe. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mfalme Ashoka wa India alichonga mwambani majina ya majirani zake wa kusini: Wachola, Wapandya, na Keralaputra, yaani "mwana wa Kerala". Mwandishi Mrumi Pliny naye, akizungumzia Muziris, bandari ya pilipili manga ya pwani hiyo, anamtaja mfalme Caelobothras. Litamkeni polepole, mtalisikia jina lilelile. Hapo mnaona ukoo wa watawala, si shamba la minazi.

Watawala hao kwa Kitamil huitwa Chera. Basi "ch" na "k" zimekutana wapi? Hermann Gundert, mmisionari Mjerumani aliyechapisha kamusi ya Kimalayalam mwaka 1872, alisema Kerala ni Cheralam kwa matamshi ya Kikannada, lugha ya majirani wa kaskazini. Sikio kwa Kikannada ni "kivi", kwa Kimalayalam "chevi". Msishangae: sisi wenyewe tunasema kitu changu, si kitu kiangu. Ila mimi nageuza hoja ya Gundert kidogo. Katika lugha hizi "k" ndiyo ya zamani, "ch" ikazaliwa baadaye, kwa hiyo huenda Ashoka alilisikia jina kabla halijalainika.

Wapo pia wanaosema "cher" ni matope, nchi iliyoibuka baharini. Hii inapatana na hekaya ya Parashurama, shujaa wa masimulizi ya Kihindu, aliyerusha shoka na bahari ikarudi nyuma. Hekaya tamu, tuiache hapo.

Mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi wala hawakuhangaika na Kerala. Waliona milima, kwa wenyeji "mala", wakabandika "bar" yao, ikawa Malabar. Ni "bar" ileile iliyo kwenye Zanzibar, bara ya Wazanji.

Jimbo lenyewe liliundwa tarehe 1 Novemba 1956, kwa kuunganisha maeneo ya wasema Kimalayalam. Lakini kwa lugha yao wao husema Keralam, na mwaka 2024 baraza la kutunga sheria la jimbo lilipitisha azimio jina rasmi liwe hilo. Kwa hiyo mkifika Kochi, jiji la huko Kerala, hiyo "m" ya mwisho msiimeze.