Msaidizi wa Simu na Saa ya Kiswahili: Soma Kioo Kabla Hujalala

(Mhadhara uliotolewa Tanga mjini. Umeandikwa kama ulivyozungumzwa.)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Na wengine wote, habari za jioni.

Najua wengi mmekuja mkitaka nieleze simu mpya zinafanya nini. Hayo mnayajua, matangazo yamejaa kila mahali. Simu janja ya leo inasoma ujumbe wako, inasoma picha uliyopiga, inakusikia ukiongea, kisha inatenda yenyewe: inaweka alamu, inaandika kwenye kalenda, inapiga simu. Mimi nitashika jambo moja, lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na sitaliacha mpaka lirekebishwe. Jambo lenyewe ni saa. Msaidizi wa sauti wa leo anazungumza Kiswahili kizuri, lakini saa yetu anaijua nusunusu, na kuijua nusunusu kuna hatari kuliko kutoijua kabisa.

Chukueni tiketi ya basi la Dar iliyoandikwa kwa mkono: "kuondoka 12:00 asubuhi". Hakuna mtu humu anayehitaji kufafanuliwa hiyo. Sasa kijana anaipiga picha, anaiambia simu imwamshe mapema awahi basi. Mashine inaona 12:00, na katika sehemu kubwa ya maandishi iliyofundishiwa, 12:00 ni adhuhuri. Inaweka alamu ya saa nne asubuhi na kumjibu kwa upole kabisa kwamba kazi imekamilika. Atakapoamka, basi limeshaipita Segera zamani.

Mtasema: lakini "asubuhi" imeandikwa pale! Imeandikwa, ndiyo. Fuateni njia inayopita maneno yenu ndani ya simu, muone yanapotea wapi. Kwanza sauti inageuzwa kuwa maandishi. Pili, modeli ya lugha, yaani programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi, inayasoma maandishi hayo na kukisia unataka nini. Tatu, inapeleka amri kwa programu ya saa. Na programu ya saa ya Android haipokei "asubuhi" wala "jioni". Inapokea namba mbili tu: saa kuanzia 0 mpaka 23, na dakika kuanzia 0 mpaka 59. Kwa hiyo lazima aliye katikati, yaani modeli, awe ameshabadilisha "saa mbili asubuhi" kuwa 8. Asipobadilisha, inapita 2, na programu ya saa haina sababu ya kuikataa, kwa sababu 2 ni saa halali. Hutaona kosa lolote kwenye kioo, wala onyo.

Hapo mmeona upande wa kumwambia. Upande wa yeye kukuambia wewe ndio unaoniudhi zaidi, na hapa nataka kina mama wa mwani na wavuvi wa Deep Sea na Sahare hapa Tanga wanisikilize vizuri.

Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, pwani yetu hii maji hupwa kabisa kwenye mishale ya saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alfajiri na tena alasiri kuelekea jioni. Majedwali ya maji kwenye mtandao yanaandika kwa saa 24. Tuseme yameandika maji kupwa 10:15. Mama anauliza simu kwa Kiswahili: "Maji yanatoka saa ngapi kesho?" Msaidizi amesoma 10:15, anajibu "saa kumi na robo". Mtu wa pwani akisikia saa kumi na robo, akili yake inakwenda 16:15. Anapanga siku yake, anateremka ufukweni, anakuta bahari imejaa pomoni. Shamba lake la mwani liko chini ya maji mengi na siku imekwisha.

Tazameni ukubwa wa kosa lenyewe. Tofauti kati ya saa yetu na hiyo nyingine ni saa sita. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika kama kumi na mbili. Kwa hiyo kosa hili halikupotezi kidogo. Linageuza kupwa kuwa kujaa na kujaa kuwa kupwa, kila mara. Ungeitafuta hesabu mbaya kuliko hiyo kwa mtu wa bahari usingeipata. Mwenye chombo kizito anayesubiri maji ya kuingilia mlangoni atafika maji yametoka, chombo kikalale tope. Ndiyo maana siwezi kukubali anayeniambia hili ni jambo dogo la lugha.

Kuna anayenijibu kila mara: "Mbona mimi nimejaribu, ikapatia?" Naam, ilipatia. Wasaidizi wa zamani, Siri ya Apple iliyotoka 2011 na Google Assistant ya 2016, hawakuwa na Kiswahili, kwa hiyo hukuwategemea. Hawa wapya, Gemini na wenzake, wamesoma maandishi mengi mno, yakiwemo yanayoeleza saa ya Kiswahili. Kwa hiyo mara nyingine wanabadilisha sawasawa. Lakini modeli ya lugha inakisia neno linalofuata, na sentensi ile ile ukiisema leo na kesho inaweza kukupa majibu mawili tofauti. Ikipatia mara kadhaa, wewe unaacha kuangalia. Hapo ndipo inapokupata.

Mfano wa dawa, uleule ninaoutoa siku zote. Daktari amesema kila baada ya saa nane. Unaiambia simu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Ikipatia zote, utapata 06:00, 14:00 na 22:00. Ikikosea zote kwa namna moja, utapata 12:00, 20:00 na 04:00. Utaamshwa usiku wa manane, lakini angalau nafasi kati ya dozi ni ileile. Balaa ni ikipatia mbili na kukosea moja: 06:00, 14:00, 04:00. Kati ya dozi ya mchana na inayofuata zimepita saa kumi na nne, kisha baada ya saa mbili tu unameza nyingine. Nani ataligundua hilo kwa kusikiliza tu ile sauti ikisema "nimekuwekea vikumbusho vitatu"?

Na kuna wa pili, huyu hunitoa jasho: "Basi tuseme saa za kizungu, tumalize." Sitasema. Bibi wa Ngamiani aliyetaja saa hivyo maisha yake yote hatakuja kujifunza upya kwa ajili ya programu ambayo wenye nayo wanasema inajua Kiswahili. Anayeuza Kiswahili auze na saa yake. Tena hata ukiamua kubadilika wewe, je, utaibadilisha kadi ya harusi iliyoandikwa "saa 2:00 usiku"? Utaibadilisha meseji ya fundi? Simu mpya zinasoma hivyo vyote.

Sasa matendo. Shikeni kalamu.

Fungua Mipangilio, nenda Mfumo, kisha Tarehe na wakati, washa mfumo wa saa 24. Kwenye simu nyingine njia inatofautiana kidogo. Tafuta neno "saa 24" kwenye kisanduku cha kutafutia. Faida yake ni kwamba saa mbili usiku lazima isomeke 20:00. Ukiona 02:00 au 08:00 umeshajua. Ukiacha mfumo wa saa 12, utaona "8:00" na viherufi vidogo pembeni ambavyo macho ya usiku hayavioni.

Kisha, programu kama Gemini na ChatGPT zina sehemu ya kuandika maagizo ya kudumu, ndani ya mipangilio yake. Andika humo, nasoma polepole: "Niko Tanzania. Nikitaja saa kwa Kiswahili, ni saa ya Kiswahili. Saa 1 asubuhi ni 07:00. Saa 6 mchana ni 12:00. Saa 10 jioni ni 16:00. Saa 1 usiku ni 19:00. Saa 6 usiku ni 00:00. Saa 10 alfajiri ni 04:00. Unaponijibu, taja saa kwa tarakimu za mfumo wa saa 24. Kabla ya kuweka alamu, niandikie saa na tarehe, usubiri nikubali."

Msiandike "ongeza sita" mkadhani mmemaliza. Kuongeza sita kunafaa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni tu. Saa kumi alfajiri ukiongeza sita unapata kumi na sita, yaani jioni. Mifano inaongoza vizuri kuliko kanuni. Na hata ukishaandika maagizo hayo, yanapunguza makosa tu, hayayamalizi. Kioo kisomwe.

Kisha ipimeni. Isemee sentensi hizi, na baada ya kila moja fungua programu ya saa uone kilichoandikwa, usiridhike na jibu la mdomo. "Niamshe saa kumi na moja alfajiri" iwe 05:00. "Saa tatu kasorobo asubuhi" iwe 08:45. Hii inavunja wengi, kwa sababu kuna kutoa robo na kubadilisha saa kwa pamoja. "Saa moja unusu usiku" iwe 19:30. "Saa sita na robo mchana" iwe 12:15. Ikikosea hata moja, simu hiyo isipewe kazi ya dawa wala safari. Weka mwenyewe kwa kidole.

Muda wa kusubiri nao ni mtego wake peke yake. Ukisema "nikumbushe baada ya saa mbili", hata binadamu anaweza kukuuliza unamaanisha nini. Sema dakika: "baada ya dakika 120". Dakika hazina utata.

Na usiku. Hapa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Simu inaanza siku saa sita usiku. Mwezi wa Ramadhani ukiiambia "niamshe daku usiku wa Ijumaa saa kumi", hapo ni lazima utaje tarehe: tarehe fulani, 04:00. Hili halina agizo la kudumu litakaloliweka sawa, msihangaike nalo.

Muda unanitupa mkono, mengine nayapitia mbiombio.

Fedha. "Elfu ishirini na tano" inaweza kuandikwa 25,000 na inaweza kuandikwa 20,005. "Laki mbili na nusu" msiithubutu kabisa. Kutuma fedha kwa sauti, hapana. Tarakimu uziandike kwa mkono, na namba ya siri isitamkwe mbele ya simu inayosikiliza.

Kuandika kwa sauti. Google iliingiza Kiswahili katika kuandika kwa sauti Agosti 2017, pamoja na lugha nyingine, jumla 30. Kwenye kibodi ya Gboard ongezeni lugha, mchague Kiswahili cha Tanzania, si cha Kenya. Zote mbili ziko kwenye orodha. Kujua kama sauti yako inasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, weka hali ya ndege ujaribu kuongea. Ikigoma, ujue inasafiri. Basi mambo ya siri usiyaseme hapo, na mkiwa baharini mtandao ukilegea msishangae ikikata maneno katikati.

Mwishoni kuna anayesema wataalamu wa huko watarekebisha wenyewe. Kwa kutumia nini? Kampuni ya OpenAI ilipotoa modeli yake ya kusikiliza, Whisper, mwaka 2022, ilitangaza kuwa imefundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Sauti za Kiswahili zenye maandishi yake ya Kiswahili zilikuwa saa 5.4. Hazifiki sita! Humo mna lahaja zetu za pwani kiasi gani, mna Kimtang'ata kiasi gani, mna Kimrima kiasi gani? Mradi wa Common Voice wa Mozilla unapokea sauti za Kiswahili: unasoma sentensi fupi ya sekunde chache, watu wawili wengine wanaithibitisha, na hazina yote iko wazi kwa yeyote kuitumia. Wazee wenye lafudhi ya hapa hapa ndio wanaohitajika zaidi, vijana wakae nao wawashikie simu. Lakini tusichanganye mambo: hilo linatibu masikio ya mashine, haliitibu saa.

Saa inatibiwa kwa kulalamika. Kila jibu lina alama ya dole gumba la chini. Ibonyeze, kisha andika kwa Kiswahili: nilisema saa mbili usiku, ikaweka 02:00, sahihi ni 20:00. Andika namba zote tatu namna hiyo. "Imekosea" peke yake haimsaidii mtu yeyote.

Haya, wenye simu zenye bando zifungueni sasa hivi. Tuanze na ile ya saa tatu kasorobo, na kila mmoja atusomee kilichoandikwa kwenye kioo chake.