Darasa jipya lisiegemee la zamani

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, wazazi, na nyie mafundi mliojibana huko nyuma kwenye madawati ya watoto, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Nimeitwa niongelee nyongeza ya madarasa mawili, na najua mnasubiri nifungue ramani, lakini ramani itangoja kidogo, kwanza tuliongelee hili hili jengo tulilokalia.

Hili ni la enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma lilitoka 1974, likataka ikifika 1977 kila mtoto awe shuleni, basi vijiji vikahangaika, huku tanuru la tofali, huku kinamama na ndoo za maji. Alafu ada ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, 2016 ikaja elimu bila malipo, watoto wakamiminika, na kiwango ni watoto 45 kwa darasa, sasa mwalimu mkuu hapa asiseme mbele za watu darasa la pili wako wangapi, tutaaibika wote.

Kwaiyo tunaongeza. Na kila mtu wazo lake la kwanza ni lile lile: ukuta wa mwisho upo, si tuunganishe hapo hapo tuokoe tofali za ukuta mmoja? Mimi nilishafanya hivyo. Shule moja huko nilikofanya kazi nikiwa bado kijana, nikatoboa ukuta wa zamani nikaingiza meno ya tofali mpya, nikapiga lipu juu, ukipita huoni hata palipoungana, nikapongezwa na soda juu. Masika ya kwanza tu ukuta ukapasuka kuanzia kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, mpaka chini, ufa unaingia kidole. Na nikauziba na saruji! Mwaka uliofuata ukafunguka pale pale.

Sababu yake si uchawi wala saruji feki. Jengo la zamani limekaa karibu miaka 50, udongo wa chini yake umeshagandamizwa, limeshatulia zamani. Jipya linaanza kukaa chini siku ile unayolipandisha, linashuka kidogo kidogo, na kama umelifunga kwa mwenzake basi linamvuta, na ukuta wa tofali za kuchoma haujui kuvutika, unajua kupasuka tu.

Sasa njia ni mbili. Ama ujenge ukuta wako mpya na msingi wake, uache nafasi ya sentimita 2 hivi kati yake na wa zamani, hiyo nafasi usiijaze zege wala udongo, weka kitu laini kinachobonyea, na juu funika na bati lililopigwa misumari upande mmoja tu ili kila jengo litembee kivyake. Ama, na mimi hapa ndo napenda, usogee kabisa mita 3 pembeni, katikati uache kibaraza chenye kipaa chake chepesi. Hewa inapita, watoto wanapata kivuli, na dirisha la huyu wa zamani haliwi kipofu. Mtasema eneo linaliwa, ni kweli, lakini mkienda pembeni hamuigusi misingi ya mzee.

Maana mafundi nawajua nyie, mkipewa jembe mnafukua mita 10 kwa siku moja sambamba na ukuta wa zamani, tena mnashuka chini kuliko msingi wake, udongo unamponyoka chini ya miguu. Mkilazimika kuchimba karibu chimbeni vipande vifupi, kipande kama cha mita moja, mjaze zege, likikaza ndo mwende kingine.

Paa nalo. Mahali paa jipya linapokutana na la zamani kwa mtindo wa bonde, hapo ndo patavuja, weka gata pana au usilikutanishe kabisa. Na maji msiyaache yaanguke kwenye msingi. Hesabu rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la darasa moja tukisema mita 80 za mraba, mvua ya milimita 20 ni lita 1,600, zote zinamwagikia miguuni pa ukuta. Wekeni simtanki basi, watoto wanawe mikono.

Kuna kitu cha mbali nataka mkione. Burkina Faso, kijiji cha Gando, msanifu mzaliwa wa hapo Francis Kéré alijenga shule ya msingi ya tofali za udongo, ikaisha 2001, watoto wakawa wengi, 2008 ikaongezwa. Bati aliliinua juu ya dari ili joto litoke katikati, wanakijiji wakafanya kazi wenyewe, na 2022 jamaa akapewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Sisi hapa tunapigilia bati moja kwa moja kwenye kenchi bila dari, saa nane mchana mwalimu anafundisha ndani ya oveni.

Sakafu sitakaa sana. Hii ya zamani iko juu ya ardhi kama sentimita 45, basi mteremko wa kiti cha magurudumu kwa kipimo cha 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, unataka kama mita 5 na nusu, msije mkauweka mita 2 mkasema tumeweka.

Ratiba: msingi uchimbwe Juni, masika imeisha na watoto wako likizo. Septemba darasa la saba wanafanya mtihani, sitaki kusikia mashine ya kukata nondo.

Na huu ufa kwenye kona ya dirisha, huu hapa, sijui ni wa zamani au bado unatembea. Bandikeni tone la plasta, ya ukutani si ya kidonda, katikati yake, andikeni tarehe juu, tuuangalie kipindi chote cha mvua, plasta ikikatika ujue bado anatembea, na hapo hata ramani yangu itabidi nibadilishe.

Haya, jembe nani analo? Tutoke nje tufukue kashimo pale kwenye kona tuone msingi unaishia wapi, mwenyekiti utanisamehe kuhusu maua yako.