Akianguka Kijiweni, Nani Anamgusa Kwanza?

SOMOE: Karibuni tena, mnatusikiliza kutoka Mtwara. Mimi ni Somoe, muuguzi kwa kazi, na huyu ni kaka Issa, dereva bodaboda mstaafu, kama bodaboda huwa wanastaafu.

ISSA: Wanastaafu, dada. Mgongo ndio unaokuandikia barua.

SOMOE: Pole. Haya, leta swali lako, maana umenisumbua nalo tangu juzi nilipokuambia kwamba mtu akianguka na moyo ukasimama, aliye karibu amkandamize kifua.

ISSA: Swali lenyewe hili. Niko pale feri, nasubiri abiria wa kutoka Msangamkuu. Mzee mmoja kasimama vizuri tu na kikapu chake. Ghafla, chini. Watu wamejaa. Huyu anasema presha imepanda, yule anasema kifafa, mwingine anavua kiatu amnusishe, mwingine kashaleta maji ya kummwagia. Wewe unataka mimi, Issa, nipige magoti nimkandamize kifua. Kwa nini mimi?

SOMOE: Kwa sababu wewe uko hatua kumi na mimi niko wodini. Moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Na kila dakika inayopita bila mtu kufanya lolote, nafasi ya kupona inashuka kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Sasa wewe unaijua njia ya kutoka feri hadi hospitali ya Ligula. Dakika ngapi, ukihesabu na kumtafuta mwenye gari na kubishana nani amshike miguu?

ISSA: Siku nzuri, robo saa.

SOMOE: Basi jibu unalo.

ISSA: Bado sina. Nitajuaje kama moyo umesimama? Mimi sina kile kipimo cha shingoni mnachovaa.

SOMOE: Hukihitaji. Hata mapigo ya mkononi usiyatafute, utapoteza muda. Mpige mabegani, mwite kwa sauti kubwa. Hajibu? Tazama kifua kwa sekunde 10, zisizidi. Kama hapumui, au anapumua vibaya, anza. Na hapo kwenye "vibaya" ndipo watu wanapopotea, kaka Issa. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kukoroma. Mdomo unafunguka, anavuta hewa moja nzito, kimya, anavuta nyingine, kama changu aliyetupwa mchangani. Watu wakiona hivyo wanashangilia: "Anapumua, mpepeeni!" Wanampepea mpaka anakwisha. Kule si kupumua. Ukiona mtu hajitambui na anakoroma kwa kukatakata, mhesabu kama hapumui.

ISSA: Hiyo nimeiona. Tena mara nyingi wanasema amepitiwa na usingizi wa uchovu.

SOMOE: Au mashetani. Mwenye kusoma dua asome, simkatazi, ila akae upande wa kichwani aniachie kifua.

ISSA: Haya, nimepiga magoti. Nifanyeje?

SOMOE: Alazwe chali, chini pagumu, si kwenye godoro. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kwenye mfupa, kiganja cha pili juu yake. Viwiko vinyooke, mabega yako yawe juu ya mikono, ushuke kwa uzito wa mwili. Nguvu za mikono peke yake utachoka haraka. Kina ni sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, isizidi 6. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mbili kila sekunde. Kila ukishuka, uachie kifua kirudi juu chote. Baada ya dakika 2 mpokezane.

ISSA: Na kupuliza mdomoni?

SOMOE: Aliyefundishwa akandamize 30, apulize 2. Ambaye hajafundishwa, au hataki, akandamize tu mfululizo. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, damu yake bado ina hewa kwa dakika za mwanzo. Kazi ni kuisukuma ifike kichwani.

ISSA: Mbavu zikivunjika?

SOMOE: Huenda zikavunjika. Mbavu tunazitibu.

ISSA: Sasa nikuambie hofu ya kijiweni, maana hizo zako ni za darasani. Ya kwanza ni kesi. Mtu akifia mikononi mwangu, ndugu wanakuja wamevimba, polisi wanauliza nani alimgusa mwisho. Ya pili, akiwa mwanamke. Mimi na mama wa watu, kavaa buibui, mikono yangu kifuani kwake, mbele ya halaiki? Afadhali nimwite mwanamke mwenzake.

SOMOE: Hofu zote mbili nazichukulia kwa uzito, na hiyo ya pili haiko kwetu peke yetu. Marekani waliwahi kuangalia, wakakuta wanaume wanaoanguka hadharani walikandamizwa kifua na wapita njia kama 45 katika kila 100, wanawake 39. Kwa hiyo aibu haina uraia. Ila huhitaji kumvua mtu nguo ili umkandamize. Unafanya juu ya buibui, juu ya gauni, sawasawa. Na Mtwara hii ukisema "akina mama, kanga!" utapata kanga sita kabla hujamaliza kutamka. Wazishike kuzunguka, yeye anasitirika, wewe unafanya kazi.

ISSA: Kama wale Wadenishi walivyomzunguka Eriksen, mchezaji mwenzao wa mpira aliyeanguka uwanjani.

SOMOE: Hasa! Tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark na Finland.

ISSA: Kibanda umiza kizima kilikaa kimya. Kaanguka peke yake, hajaguswa na mtu. Kjær, nahodha wao, anawapanga wenzake wamkinge na kamera, na huku ndani anakandamizwa kifua. Wakamshtua na ile mashine moyo ukarudi. Miezi minane baadaye yuko Brentford anacheza, na kifaa kimepachikwa kifuani.

SOMOE: Watu wanasema bahati. Mimi nasema wale walikuwa wameshajiandaa. Denmark tangu 2005 huduma hii inafundishwa shuleni, na 2006 wakaiweka kwenye masharti ya leseni ya udereva. Mwaka 2001, katika kila watu 100 walioanguka moyo ukasimama nje ya hospitali, 21 hivi ndio waliokandamizwa kifua na mtu aliyekuwa karibu. Kufikia 2010 wakawa 45. Na waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka 3 na nusu hadi karibu 11 katika kila 100.

ISSA: Subiri hapo, dada. 11 katika 100. Na hao wana ambulensi, wana mashine ukutani. Sisi mashine ya kushtua moyo utaikuta wapi, kwenye ghala la korosho? Nikandamize, nikandamize, halafu nani anakuja?

SOMOE: Hilo ni swali la haki, wala sitakupamba. Kukandamiza peke yake mara chache kunauwasha moyo uliosimama ghafla. Kunanunua muda mpaka mashine au daktari apatikane. Ambaye mashine iko mbali anapata kidogo kuliko wa Copenhagen. Lakini si kila moyo unasimama kwa namna moja. Mtoto aliyezama pale Shangani, mtu aliyepaliwa na chakula. Hawa wengine wanaweza kurudi kwa mikono na pumzi tu, hapo hapo, bila mashine yoyote. Aliyezama ndiye ambaye pumzi zinaanza kabla ya kifua, kwa sababu alichokosa ni hewa. Na tuache kuwaning'iniza watoto kichwa chini ati maji yatoke. Pwani nzima tunafanya hivyo.

ISSA: Hiyo kweli tunafanya.

SOMOE: Kitu cha pili ni mshikaki.

ISSA: Wa nyama?

SOMOE: Wa bodaboda, mstaafu. Mgonjwa hajitambui, anawekwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma amemkumbatia, kichwa kinaning'inia, mbio hospitali, Ligula au Mitengo. Mtu ambaye moyo umesimama ukimkalisha hivyo, hakuna tone linalofika kichwani. Ni wema, lakini unamalizia. Mmoja akandamize palepale, mwingine apige 112, wa tatu akatafute kirikuu au gari lolote ambalo mtu anaweza kulazwa, na mkandamizaji apande naye.

ISSA: Na kama anaongea, anasema kifua kinambana?

SOMOE: Huyo moyo bado unapiga, usimkandamize. Anatoka jasho, maumivu yanakwenda mkono wa kushoto au taya, pengine kichefuchefu tu, hasa akina mama. Mkalishe, asitembee, awahi hospitali. Akiwa hana mzio wa aspirini wala havuji damu, atafune moja.

ISSA: Umenikwepa kwenye kesi.

SOMOE: Sijakukwepa. PF3, ile fomu ya polisi, ni ya aliyejeruhiwa, na mzee wako wa feri hajajeruhiwa na mtu. Fanya hadharani, mwite mwenyekiti wa mtaa, watu waone ulianza baada ya yeye kuanguka. Lakini kinga kubwa ni wengi wajue. Kijiwe chenye madereva 20 wanaojua, hakuna atakayekuuliza ulikuwa unamfanya nini.

ISSA: Basi na sisi tuige Denmark. Leseni ya pikipiki isitoke mpaka mtu aoneshe anajua kukandamiza kifua.

SOMOE: Ningeunga mkono kesho. Ila nusu ya vijana wa kijiwe chako leseni hawana.

ISSA: Usitutangaze hewani, dada.

SOMOE: Nasema tusiisubiri leseni. Kijiwe kina mwenyekiti, kina katibu, kina daftari la michango ya misiba. Tayari mna utaratibu. Ule mpango wa usafiri wa dharura, M-mama, unawatumia madereva wa mtaani kuwawahisha wajawazito hospitali wakipiga 115, na kazi inakwenda.

ISSA: Na ule mdoli wa mazoezi? Tutafanyia juu ya mtu?

SOMOE: Hapana! Usimkandamize mtu mzima wa afya kwa majaribio, utamuumiza. Mto uliojazwa pamba ukakaza unatosha kujifunza mkao na kasi. Kina cha kweli nitawaonesha nikiazima mdoli.

ISSA: Nampigia mwenyekiti tukitoka hapa. Ijumaa baada ya swala?

SOMOE: Ijumaa. Waje na mito yao, na mmoja awe na simu yenye saa ya sekunde.