Picha ya Maktaba

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nijibu swali moja: je, picha inahitaji jina au maelezo ili ieleweke? Jibu nalitoa sasa hivi, ili mwenye safari ya Mbagala aondoke kabla foleni haijakaza. Jina, haihitaji. Maelezo inayahitaji, na aliyemo ndani ya picha anayahitaji kuliko picha yenyewe. Waliobaki, tuendelee.

Tutenganishe kwanza, maana watu huvichanganya. "Tabasamu la Mama Afrika", hilo ni jina. "Mkaanga samaki, soko la Feri, Jumanne asubuhi", hayo ni maelezo. Jina linakuamuru uhisi nini. Maelezo yanakwambia ulichokiona kilikuwa wapi na lini, kisha yanakuachia moyo wako.

Huyo mkaanga samaki si wa mfano. Miaka ile nilikuwa nauzia picha gazeti moja ambalo sitalitaja. Nikaenda Feri alfajiri, mnada ukiwa umekwisha, nikamkuta mama mmoja nyuma ya karai la mafuta, moshi unampita usoni, anacheka kwa sababu ya utani wa jirani yake. Nikapiga. Ilikuwa picha nzuri, ingawa nisijisifu bure, kazi yote ilifanywa na jua linalochomoza upande wa Kigamboni. Nikaipeleka gazetini bila neno hata moja. Wakubwa zetu kazini walikuwa wametufundisha kwamba picha nzuri inajieleza.

Ikatoka mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 8, Siku ya Wanawake. Hapo mama alikuwa shujaa. Mara ya pili ilikuwa kwenye habari ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 kati ya hizo 10 ni za wanawake. Hapo akawa mnufaika, na hajawahi kukopeshwa hata senti. Mara ya tatu, kipindupindu. Chini yake pameandikwa: Picha ya maktaba, yaani ya akiba ya gazeti, si ya tukio lile. Basi. Nani? Hakuna. Lini? Hakuna. Msomaji kakaa zake Buguruni na gazeti, juu anasoma kipindupindu, chini anamwona mama na samaki wake. Hesabu anaijumlisha mwenyewe.

Niliporudi Feri, karai lilikuwa lilelile, wateja hakuna. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikaanza kujitetea: habari sikuiandika mimi, kuna mhariri, kuna mtu wa kupanga kurasa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Jina langu hukuniuliza. Ungewapa jina langu, wangeogopa kuniweka kwenye ugonjwa."

Nimepita semina nyingi za upigaji picha, na sijasikia hoja iliyonyooka kama hiyo. Mtu asiye na jina anaweza kugeuzwa chochote: umaskini, ujasiri, kuhara. Mwenye jina ana ndugu, ana mwenyekiti wa mtaa, anaweza kuja mlangoni kwako.

Msidhani ni ushamba wa Feri peke yake. Mwaka 1936 Dorothea Lange, mpiga picha aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya Marekani, alipita Nipomo, California, akampiga picha mama mmoja kambini na wanawe wamemwegemea mabegani. Aliandika umri wa mama yule, miaka 32, na idadi ya watoto, 7. Jina hakuuliza. Baadaye picha ikabatizwa "Mama Mhamiaji", ikawa sura ya mdororo wa uchumi dunia nzima. Mama mwenyewe alikuja kufahamika mwaka 1978. Alikuwa Florence Owens Thompson, mzaliwa wa kabila la Cherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, na alilalamika kwamba hakupata senti kutokana na picha ile na kwamba hakuulizwa jina. Kwa miaka 42 dunia ilikuwa imemlilia mtu isiyemjua. Jina zuri la picha lilikuwa limekaa mahali pa jina lake.

Sasa kuna atakayeniambia: lakini zipo picha ambazo hazina neno na tunazielewa. Zipo. Ile ya Mwalimu akimimina udongo, Aprili 1964, ukutani mwa ofisi haina haja ya maandishi. Mtoto wa darasa la tatu atakwambia huo ni Muungano. Ila mpelekeeni mtu wa Peru. Ataona bwana mmoja na kibuyu, anamwaga kitu, pengine unga, pengine dawa ya kienyeji. Maelezo ya picha ile yapo, tena mengi; tumeyabeba sisi kichwani tangu shule ya msingi.

Na kichwa kinasahau. Kila masika inapopamba moto, makundi ya WhatsApp yanatuletea Jangwani imefurika, "hali ilivyo sasa hivi", kumbe ni mafuriko ya Desemba 2011. Mimi huwa natafuta mwendokasi. Mabasi yale yalianza Mei 2016, kwa hiyo kama Barabara ya Morogoro pale bondeni haina hata njia zake, picha hiyo ni ya kale, punguzeni presha. Lakini huo ni ujuzi wa mtu wa Dar. Shangazi yangu aliyeko Songea hawezi kuujua, na ndiye anayepiga simu akilia.

Namwona bibi pale mbele amejifunga kanga, ananitazama kwa jicho la kusema: mbona hii ina jina? Kweli, bibi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na dukani Kariakoo wengi husoma jina kabla ya kuuliza bei. Lakini tazameni mchoro: korosho. Someni jina: linawasema majirani. Korosho na majirani wapi na wapi? Jina la kanga halielezi mchoro, linamtafuta mtu. Na aliyelichagua ni mvaaji. Mama wa Feri hakuchagua kipindupindu.

Zamani tulikuwa na dawa ya ugonjwa huu na hatukujua kwamba ni dawa. Ukienda studio, picha ikishasafishwa, unaigeuza, unaandika kwa kalamu ya bic: "Ukumbusho. Kwa dada yangu mpenzi, Tanga." Nyuma pana muhuri wa studio. Simu haina mgongo wa kuandikia. Inatunza saa na mahali ndani kwa ndani, lakini ukiirusha picha kama picha ya kawaida WhatsApp, habari hizo zinaachwa njiani.

Nina moja hapa, naipitisha. Ishikeni pembeni tafadhali, ni ya marehemu mama yangu. Kijana kavaa bugaluu, nyuma yake pazia lenye ndege ya kuchora, mkono kiunoni kama mwenye kiwanja. Muhuri umefutika. Nyuma pameandikwa: "Ukumbusho, 1974. Nitakuja." Jina hakuna. Mama aliificha chini ya vyeti vyetu vya kuzaliwa, nami niliikuta baada ya kumzika. Baba si huyu, hilo nawahakikishia.

Wazee wa Ilala na Magomeni, chukueni muda wenu. Anayemfahamu huyu bwana aniambie. Nipo hapa mpaka magharibi, na kalamu ninayo.