Baharia wa Pegasus na jiwe la kijijini kwao

SALUM: Karibuni tena jamani. Leo dada Zuhura kaja na picha kwenye simu, tangu asubuhi hataki kunionesha. Haya, toa.

ZUHURA: Kanitumia msikilizaji wetu anayeishi Uingereza. Ni mnara wa kumbukumbu wa kijijini anakoishi, msalaba wa mawe nje ya kanisa, una majina ya vijana waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja alikuwa baharia, na ubavuni mwa jina lake pamechongwa HMS Pegasus. Anauliza, huyu alifia wapi?

SALUM: Subhanallah! Si hapa hapa?

ZUHURA: Hapa hapa Unguja. Simama Forodhani, tazama baharini.

SALUM: Hebu wasimulie wasiojua.

ZUHURA: Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri. Pegasus ni manowari kuukuu, ilishushwa majini 1897. Imetia nanga bandarini, mitambo yake inatengenezwa, haiwezi kuondoka. Inatokea Königsberg ya Wajerumani, nahodha wake Max Looff, inaanza kupiga kutoka mbali. Pegasus inajibu, lakini makombora yake yanaangukia majini kabla ya kufika.

SALUM: Yaani anapigwa na mkono haumfikii mwenziwe.

ZUHURA: Ndivyo. Walikufa 38, ukiwahesabu na wale waliofariki baadaye kwa majeraha. Na hilo la baadaye mtafutaji alishike, maana ukiingia kwenye kumbukumbu na tarehe 20 peke yake, aliyefia kitandani siku chache mbele humpati.

SALUM: Sasa mtu ana jina tu kwenye jiwe. Anaanzia wapi?

ZUHURA: Kwanza asiliamini sana jiwe. Majina yalipelekwa na jamaa na majirani, na kijana mmoja anaweza kuandikwa kijijini kwa wazazi wake na tena kule alikooa. Mara nyingi ni herufi moja na jina la ukoo, basi. Aende kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iko mtandaoni, bure. Humo atapata namba ya utumishi. Akiwa nayo hiyo, jina hata likiandikwa vibaya halimsumbui.

SALUM: Halafu?

ZUHURA: Halafu Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London. Mafaili ya mabaharia wa kawaida yapo kwenye fungu linaloitwa ADM 188. Kaka Salum, ukurasa mmoja tu, lakini utakaa nao! Tarehe ya kuzaliwa, kazi aliyokuwa akifanya kabla ya kujiunga, urefu, rangi ya nywele, rangi ya macho, makovu, hata chale alizochanjwa mkononi. Wengine waliingia wakiwa watoto wa miaka 15 au 16, na walipofika 18 wakafungwa mkataba wa miaka 12. Kisha meli zake, mstari kwa mstari, na tabia yake: VG, VG, VG, yaani njema sana. Chini kabisa, DD.

SALUM: DD ndiyo nini?

ZUHURA: Ameondolewa kazini, amekufa. Karani alitumia wino ule ule.

SALUM: Mh. Na mwili?

ZUHURA: Serikali yao ilikataza kurudisha maiti nyumbani. Ndiyo sababu moja karibu kila kijiji kule kina mnara, wazazi hawakuwa na kaburi la kuzuru. Mabaharia kadhaa wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kile kisiwa mbele ya Mji Mkongwe. Watalii wanakwenda kuogelea, wachache wanafika makaburini.

SALUM: Na ukivuka hadi Mombasa, nje ya Ngome ya Yesu, utaukuta mzinga wa Pegasus na wa Königsberg jirani kwa jirani. Sisi tulikuwa tukiwapanda utotoni, hatujui nani alimpiga nani.

ZUHURA: Königsberg nayo iliishia Rufiji, Julai 1915.

SALUM: Sasa dada, mimi nina neno. Huyu Mwingereza ana jiwe kwao, ana kaburi, ana faili lenye rangi ya macho. Nenda Dar es Salaam, Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, ya kuwakumbuka Waafrika waliopigana vita hiyo hiyo. Maneno aliyaandika Kipling, yule mwandishi Mwingereza: hata mkifa, wana wenu watakumbuka majina yenu. Zunguka sanamu yote. Jina hata moja hakuna!

ZUHURA: Na wapagazi, waliobebeshwa mizigo ya majeshi, ndio kabisa. Walikufa makumi ya maelfu, kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi, na wengi wao hawakuzikwa kwenye makaburi yenye majina.

SALUM: Kwa hiyo mjukuu wa mpagazi aanzie wapi? Maana Kew hatampata.

ZUHURA: Aanze na wazee wake, leo hii, kabla ya karatasi. Aulize nani alichukuliwa, kutoka kijiji gani, alikwenda na nani, nani alirudi. Arekodi kwa simu. Akishapata jina la babu, jina la jumbe wa wakati ule na jina la njia waliyopita, ndipo aende kwenye nyaraka za Dar es Salaam au Nairobi, akiwa na la kuuliza.

SALUM: Msikilizaji wetu wa Uingereza umemjibuje?

ZUHURA: Nimemwomba namba ya utumishi. Akiipata, tunakodi mashua kwenda kumtafuta Chapwani, wewe utalipa nauli.

SALUM: Nauli tena! Haya, wasikilizaji, mwenye jina la babu aliyechukuliwa vitani atutumie sauti. Wiki ijayo tunaanza na wa Rufiji.